Mgonjwa wa Akili Naye Afungashiwe

Mama mjamzito wa Makongolosi, penye machimbo ya dhahabu wilayani Chunya, huanza kufungasha mapema. Kanga, pamba, glavu, beseni na nguo za mtoto hukaa tayari kwenye mfuko mmoja, na nauli ya Chunya hufungwa kwenye pindo. Hakuna anayemcheka. Lakini kijana wa nyumba hiyohiyo akianza kukesha na kusema peke yake, ukoo mzima hunyamaza mpaka siku atakapovunja kitu. Ndipo hufungwa kamba usiku na kupakiwa garini bila hata shati la kubadilisha.

Huko ni kumdhulumu mgonjwa.

Kinachowafunga ndugu midomo ni aibu. Jina la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyofunguliwa Dodoma mwaka 1927, limegeuzwa tusi vijiweni, nalo humfanya mzazi aone afadhali amalize mbuzi wote kwa waganga kuliko kuonekana na karatasi ya rufaa. Wala si lazima safari ya tiba ianzie Dodoma. Huanzia zahanati, ikapita Hospitali ya Wilaya ya Chunya, na ugonjwa ukizidi ikafika Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya, mwendo wa kilomita zipatazo 110. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inamtambua pia mgonjwa anayekubali kulazwa kwa hiari yake. Basi zitafutwe saa alizotulia, aambiwe kweli anakokwenda na sababu yake. Anayedanganywa kwamba anapelekwa mjini kununua simu huwachukia wauguzi kabla hawajamgusa.

Mzigo wa kwanza wa kufungasha ni habari zake. Ziandikwe kwenye daftari: usingizi ulimpotea lini, amewahi kuanguka kifafa au kuumia kichwa, nani katika ukoo aliugua hivyo, dawa gani amekunywa, za hospitali na za mganga. Bangi na gongo zisifichwe. Daktari hakai pale kama hakimu. Homa nayo itajwe, maana malaria ikipanda kichwani humfanya mtu aweweseke kama aliyerukwa na akili, na tiba yake ni nyingine kabisa.

Kwa Makongolosi lipo jambo moja zaidi, nalo ni zito: zebaki. Mchimbaji mdogo huikanda pamoja na mchanga uliotoka karasha, mashine ya kusaga mawe, kisha huichoma ibaki dhahabu, mara nyingine jikoni, watoto wakiwa karibu. Mvuke wake ukivutwa siku nyingi hutetemesha mikono, hufukuza usingizi, humfanya mtu awe mwepesi wa hasira na mwenye haya zisizo zake. Nduguze husema amelogwa kwa ajili ya duara lake, yaani shimo analochimba dhahabu. Daktari aliyepo Mbeya hawezi kukisia kazi hiyo asipoambiwa.

Mfuko wenyewe si mkubwa. Nguo mbili tatu zisizo na kamba wala mkanda, kandambili, sabuni, mswaki, na sweta nene, kwa sababu anayetoka joto la Makongolosi akifika Mbeya mwezi Juni au Julai atatetemeka usiku. Wembe na kisu vibaki nyumbani. Fedha na simu ashike ndugu mmoja aliyekubaliwa, naye awaulize mapema watu wa ustawi wa jamii kuhusu gharama.

Ndugu huyo ajiandae pia kwa yatakayomtisha. Dawa kama haloperidol yaweza kumkaza mgonjwa shingo, ikampinda taya au kumtoa ulimi. Wengi wakiona hivyo humtorosha wodini, wakidhani uchawi umerudi, kumbe muuguzi akiitwa upesi ipo dawa ya kulegeza. Chlorpromazine nayo, iliyoanza kutumika Ufaransa mwaka 1952, hufanya ngozi iungue jua kwa urahisi. Akirudi machimboni atahitaji kofia na mikono mirefu.

Na kurudi atarudi. Kitanda chake kisigawiwe, sululu yake isiuzwe, na sehemu yake katika duara ishikwe na mtu mwaminifu. Akitoka atapewa tarehe ya kliniki, pengine na sindano ya kila mwezi, nayo huachwa mara nyingi kwa kuwa nauli imeisha, au kwa kuwa anaonekana amepona. Nauli ya kliniki ya kwanza itengwe siku ileile inapotengwa ya kumpeleka, ikakae kwenye bahasha moja na daftari lake.