Katekista na wenzake wa mbali



Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga ofisi nyingi za Ulaya na Marekani, mamilioni ya wafanyakazi walijikuta wakitenda kazi zao nyumbani, kila mmoja mbele ya kompyuta yake. Haukupita muda mrefu wakaanza kulalamika kwamba kazi inakwenda lakini wenzao wamepotea: barua zinajibiwa, mikutano ya kwenye skrini inafanyika, ila hakuna anayejua kama mwenzake ameamka salama. Tangu hapo yameandikwa mengi juu ya namna ya kuwaunganisha watu wanaofanya kazi moja wakiwa mbalimbali. Nilipoyasoma nilitabasamu kidogo. Katika nyanda hizi za juu za Kigoma, kuanzia Kasulu hadi Kibondo, yupo mtumishi aliyeishi hali hiyo miaka nenda miaka rudi, pasipo kompyuta wala jina la kitaalamu la kuiita. Ni katekista wa kigango.

Parokia zetu ni pana. Padri hufika kigangoni mara moja kwa mwezi, na masika yakikolea, mito ikajaa na njia za udongo zikageuka tope, pengine hafiki kabisa. Siku nyingine zote ni katekista anayeongoza ibada ya Jumapili, anayefundisha wakatekumeni na watoto wa Komunyo ya kwanza, anayewatembelea wagonjwa, anayezika wafu, na anayeamshwa saa nne za usiku kupatanisha mume na mke. Zaidi ya hayo ana shamba lake la mihogo na maharage, maana posho ya katekista, tuseme ukweli, haimlishi mtu. Wenzake wa kazi wapo, labda kumi, labda ishirini, lakini kila mmoja yuko kwenye kilima chake.

Siku hizi wengi wao wamo katika kundi la WhatsApp la makatekista wa parokia. Ni jambo jema, nami silibezi. Wazee wanaokumbuka enzi za redio ya upepo wanajua tumetoka wapi. Lakini hebu yasome yaliyomo katika kundi la namna hiyo. Leteni takwimu za ubatizo kabla ya Ijumaa. Semina imeahirishwa. Vigango vifuatavyo havijawasilisha zaka. Habari huteremka kutoka ofisini kama maji ya mlimani, na kinachopanda kurudi juu ni maneno mawili tu: "Sawa Padri." Usiku hufuata video za miujiza na ule ujumbe wa kutisha unaotaka utumwe kwa watu kumi. Humo wote wameunganishwa, na hakuna aliyeulizwa habari za nyumbani.

Nieleze tukio moja, bila kuitaja parokia. Katekista mmoja alikaa kimya majuma matatu. Katika muda huo alipokea ujumbe mmoja kutoka ofisini, wa kumkumbusha taarifa ya mavuno. Kumbe alikuwa akimuuguza mke wake hospitalini. Alipomzika, waliokuwepo ni waumini wa kigango chake na majirani, Waislamu kwa Wapentekoste. Katekista mwenzake hakuwepo hata mmoja. Si kwamba walikuwa na roho mbaya, hawakujua. Yule wa kigango cha jirani, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli, alizipata habari sokoni siku arobaini zilipokwisha kupita. Mfiwa hakugombana na mtu. Mwaka uliofuata aliomba kupumzika, na kigango kikabaki kikiongozwa kwa zamu.

Wapo wanaodhani dawa yake ni minara zaidi ya simu. Mimi sidhani. Simu zilikuwepo pande zote mbili, tena zenye salio. Kilichokosekana ni desturi ya kuulizana mambo ambayo ofisi haiyahitaji.

Kanisa katika sehemu zetu hizi lilianza na watu walioielewa hatari hiyo. Wamisionari wa Afrika, tuliowazoea kwa jina la Mapadri Weupe, walifika Ujiji Januari 1879 baada ya kutembea kutoka Bagamoyo. Mwanzilishi wao, Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, alikuwa amewaagiza wasikae kituoni chini ya watu watatu. Aliagiza pia kila kituo kiandike shajara ya kila siku, na nakala zipelekwe makao makuu. Habari za vituo zikakusanywa na kuchapwa katika jarida la kila miezi mitatu, nalo likarudi kwa wamisionari wote. Katika shajara hizo hamna mambo makubwa tu: kuna mvua, matofali, na nani ameshikwa na homa. Barua zilichukua miezi njiani, lakini padri wa kando ya Ziwa Tanganyika aliweza kujua yanayowapata wenzake wa Uganda.

Hata hivyo kanuni ya watatu ilikuwa ya wamisionari. Katekista alipopelekwa kijijini, mara nyingi alipelekwa peke yake, na hivyo ndivyo ilivyobaki. Mei 10, 2021, hayati Papa Fransisko, kwa Barua Binafsi ya Kitume iitwayo Antiquum ministerium, aliifanya huduma ya katekista kuwa huduma rasmi ya kudumu katika Kanisa. Tulishangilia, na tulistahili kushangilia. Lakini huduma rasmi bila mwenzi wa huduma ni mzigo uleule uliofungwa kwa kamba mpya.

Fungueni sura ya 16 ya Waraka kwa Waroma, ile tunayoipita haraka kwa sababu imejaa majina. Paulo alikuwa bado hajafika Roma, lakini anawasalimu watu zaidi ya ishirini kwa majina, na wengi anaeleza kila mmoja alifanya nini. Anamtambulisha Foibe kutoka Kenkrea. Kisha linatokea jambo ninalolipenda sana: Tertio, aliyekuwa akiandika tu anayotamkiwa, anaingiza salamu zake mwenyewe, na Paulo anamwachia. Mkubwa hakuyashika mazungumzo yote mkononi mwake. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ofisi zetu za parokia hukosea zaidi: tunataka kila katekista aunganishwe na paroko, wakati anayemhitaji zaidi ni katekista mwenzake.

Kwa hiyo naona ni afadhali vigango vinavyopakana viwekwe viwili viwili, kama Bwana alivyowatuma wale sabini na wawili. Hao wawili wapigiane simu siku moja ya juma inayojulikana, bila ajenda. Simu ya kitochi inatosha, na yule asiye na simu janja hataachwa nje. Mara moja kwa miezi michache wabadilishane Jumapili: huyu akaongoze ibada kwa yule, ale chakula nyumbani kwake, amwone mkewe na watoto wake. Na katika mkutano wa mwezi pale parokiani, saa ya kwanza isiwe ya takwimu. Kila mmoja aeleze mwezi wake ulivyokwenda, na padri asikilize. Nimekwisha kuambiwa kwamba hiyo ni kupoteza muda. Salamu za Waha nazo huchukua muda, na sijasikia mzee yeyote huku akizipunguza.

Kubadilishana Jumapili kuna gharama, nami sitaificha. Bodaboda ya kwenda kigango cha mbali na kurudi si fedha ndogo, na si haki itoke mfukoni mwa katekista. Nimeiomba halmashauri ya walei ilijadili jambo hili pamoja na jumuiya ndogo ndogo. Wakati tukisubiri jibu, katekista mmoja amekubali kuanza Jumapili ijayo kwa baiskeli yake, ila tairi la nyuma limekwisha. Mwenye tairi la ziada la saizi ya kawaida alilete ofisini kabla ya Ijumaa.