Tulishangilia kabla ya wakati



Mwaka jana mama mmoja wa shirika letu aliingia kanisani kwa misa ya kwanza akitembea kwa magongo mawili, miezi miwili baada ya kubadilishiwa nyonga ya kuume. Tulimpigia makofi, na wengine wetu walitokwa na machozi. Ninyi vijana mlikuwa mmehangaika mwaka mzima kwa ajili yake: mliosha magari, mliuza maandazi, mliimba kwenye arusi za watu msiowajua. Jumapili ile hesabu ilisomwa mbele ya wote, kikapu kikafungwa, tukaamini kwamba kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Mama yule ni mgonjwa wa nyonga zote mbili, nasi tulilijua hilo tangu siku ya kwanza. Leo upande wa kuume haumwumi tena, lakini upande wa kushoto ndio unaoamua atafika wapi. Kanisani anafika kwa shida. Sokoni, alikokuwa akijipatia riziki, hafiki.

Nyonga ni pale ambapo kichwa cha mfupa wa paja, kilicho mviringo, huzunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Kati yao kuna gegedu laini. Likilika, mfupa husugua mfupa, maumivu hukaa kinenani na kushuka hadi gotini, na mtu hushindwa hata kuinama avae kiatu chake. Daktari hukiondoa kichwa kilichoharibika, huingiza ndani ya paja shina la chuma lenye kichwa kipya, kisha hutia kikombe kipya chenye plastiki ngumu. Aliyeipa njia hii nguvu ni Mwingereza John Charnley, mwaka 1962, naye alifika hapo baada ya kushindwa: plastiki aliyoitumia kwanza ililika upesi, ikabidi wagonjwa wengi wapasuliwe tena.

Charnley huyo aliwatenga wagonjwa wake katika makundi: wenye nyonga moja mbovu, wenye nyonga mbili mbovu, na wenye maradhi mengine yanayowazuia kutembea. Usipowatenga hivyo utasema upasuaji haukufaa, kumbe mtu anarudishwa nyuma na upande ambao haujaguswa. Laiti tungalikuwa na hekima hiyo siku ya kufunga kikapu.

Nyonga mbili zaweza kubadilishwa siku moja, au moja baada ya nyingine, kukiwa na miezi kadhaa kati yao. Kwa siku moja, mgonjwa hulazwa usingizi wa dawa mara moja tu, na mazoezi huyafanya kwa miguu yote miwili. Ila damu inayopotea ni nyingi zaidi, na moyo na mapafu hubeba mzigo mkubwa. Kwa hiyo mwenye moyo dhaifu huambiwa asubiri. Lakini yule ambaye nyonga zake zote mbili zimekakamaa katika hali ya kukunjwa, akinyoshwa upande mmoja tu hawezi kusimama wima, na faida ya upasuaji wa kwanza yaweza kupungua akiwa angali anangoja. Uamuzi huo ni wa daktari na mgonjwa. Sisi tunashikilia neno moja tu: usifanywe na kikapu chetu kilichokauka.

Katika mkutano wetu mzee mmoja aliuliza: je, si haki zaidi kuwapa watu wawili nyonga moja moja kuliko kumpa mtu mmoja mbili? Swali hilo si la kupuuzwa, kwa maana wanaongoja ni wengi. Hata hivyo, mwenye upande mmoja mbovu akipewa nyonga moja huinuka na kwenda zake, na mwenye pande mbili akipewa moja hubaki nusu ya njia. Tukianza naye, tuhesabu mbili tangu mwanzo. Tusipoweza, tumwambie ukweli kabla hajapasuliwa, wala si baadaye.

Wala msidhani haya ni mambo ya wazee peke yao. Wenzenu wenye ugonjwa wa SS, yaani selimundu, waweza kufa kichwa cha mfupa wa paja kwa kukosa damu wakiwa bado shuleni, na mara nyingi pande zote mbili. Kijana akichechemea hivyo hajarogwa na mtu. Nchini Malawi, ambako tangu mwaka 2005 waliobadilishiwa nyonga huandikwa katika daftari la taifa, kufa kwa kichwa cha mfupa ndiyo sababu iliyoonekana zaidi katika miaka ya kwanza. Na kwa kuwa nyonga ya kutengenezwa hudumu miaka 25 kwa zaidi kidogo ya nusu ya watu, aliyepata yake akiwa na miaka 20 atahitaji tena mikono ya wenzake.

Fedha si yote. Damu hutolewa na watu wenye afya kama ninyi. Tena, katika majuma ya kwanza mgonjwa hukatazwa mara nyingi kuchuchumaa, kukalia kigoda kifupi na kupandanisha miguu, kwa maana kichwa kipya chaweza kuchomoka katika kikombe chake. Sasa zitazameni nyumba zetu: vigoda vifupi, choo cha tundu, ndoo ya maji sakafuni. Mara ya kwanza hatukulifikiri hilo, na mama alikaa mwezi mzima akiona haya kuomba msaada wa kwenda chooni.

Kikapu kimefunguliwa tena tangu Majilio, na bado kimepungua theluthi moja. Nyonga ya kushoto imepangiwa juma la pili baada ya Pasaka. Vijana saba wamekwisha kuandikisha majina kwa ajili ya damu. Seremala wa shirika la jirani ametengeneza kiti kirefu. Kile cha kuweka juu ya tundu la choo kinangoja mbao.