Likizo Isiyokwisha

Karani wa London aendaye Barbados kwa likizo ya wiki mbili sasa aweza kuongeza miezi pasipo kuacha kazi. Kompyuta iko mezani, bahari iko mbele yake, na mshahara waingia kama kawaida. Mwaka 2020, utalii ulipoporomoka kwa ajili ya UVIKO-19, Serikali ya kisiwa hicho ilianzisha kibali cha miezi 12 kwa wageni wa namna hiyo. Sharti mojawapo ni kipato cha dola 50,000 za Marekani kwa mwaka. Nacho hakitozwi kodi ya mapato huko.

Si kosa mtu kufanya kazi ufukweni, maadamu kazi inatendeka na mwajiri ana habari. Wako wanaokaa ofisini mwaka mzima, koti limetundikwa kitini, huku majalada yakirundikana.

Lakini uhuru huu una tabaka lake. Mwalimu hawezi kuliacha darasa, wala muuguzi wodi. Mhudumu wa hoteli amwandaliaye mgeni meza hawezi kuongeza likizo kwa kupendezwa na mawimbi. Naye mshahara wake hauna msamaha kama ule wa mgeni, ingawa barabara na maji wanatumia pamoja.

Kenya nayo ilitangaza kibali cha aina hiyo mwaka 2024. Fedha za wageni zinahitajika, hapana ubishi. Hata hivyo, kila nchi ya pwani inayofungua mlango huu haina budi kujiuliza: mgeni anapoongeza siku za kupumzika, ni nani anayeongeza jasho, naye anapata nini?