Mahindi yakiwa zambarau, si kila mara dawa ni urea

MKOA wa Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa kwa mahindi nchini, na kila msimu fedha nyingi za wakulima wa Ufipa huishia kwenye mbolea. Ruzuku iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Mbeya, Agosti 8, 2022, ilipunguza makali ya bei. Hata hivyo, mbolea ya ruzuku ikiwekwa pasipo pake bado ni hasara.

Mfano ni mahindi machanga yanayogeuka rangi ya zambarau. Wengi hukimbilia urea. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, lakini haina fosforasi hata chembe, na rangi hiyo kwa kawaida ni dalili ya njaa ya fosforasi.

Njaa hiyo huweza kutokea hata kama fosforasi imo shambani. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Udongo ukipoa chini ya nyuzi joto 15, mizizi ya mahindi hukua polepole. Fosforasi nayo haitembei mbali udongoni. Mzizi ndio huifuata. Udongo wenye tindikali huing'ang'ania zaidi.

Hapo ndipo kuvu wa mizizi, ambao wataalamu huwaita mikoriza, huwa msaada. Nyuzi zao nyembamba hufika mzizi usikofika, huleta fosforasi na zinki, na mmea huwalipa kwa sukari. Baridi huwapunguzia kasi, lakini joto likirudi nao hurejea kazini. Kulima mara kwa mara hukata nyuzi zao, shamba tupu huwanyima chakula, na kabichi haiwapokei.

Matuta ya asili ya Wafipa, intumba, yana somo hapa. Majani huzikwa yakaoza, tuta lililoinuka halituamishi maji hivyo hupata joto mapema, na maharage yanayopandwa juu yake huwapa kuvu makazi kabla ya nafaka.

Kwa mkulima, mbolea ya kupandia iwekwe karibu na mbegu bila kuigusa. Zambarau ikitokea, atazame majani mapya baada ya siku za joto. Yakitoka kijani, fedha ya urea isubiri wakati wa kukuzia. Yasipotoka kijani, udongo upimwe. Kwa muuza pembejeo, DAP au Minjingu ifike dukani kabla ya mvua, si baada ya majani kubadilika.