Kuchagua Kitabu cha Kujifunzia Kiinimacho cha Sarafu

Mwanafunzi aonapo sarafu ikitoweka katika kiganja cha mwenziwe huwa na maswali mawili. La kwanza ni namna jambo hilo lilivyofanyika. La pili ni mahali atakapojifunza kulifanya yeye mwenyewe. Swali la kwanza limepewa heshima yake na wanasayansi kwa zaidi ya miaka mia moja. La pili hupuuzwa na walimu wengi, ambao hukiona kiinimacho kuwa mchezo usiostahili nafasi katika rafu ya maktaba. Hivyo kijana huokota mafunzo popote ayapatapo, aghalabu katika vipande vya filamu vinavyopitishwa kutoka simu hadi simu, na baada ya majuma mawili huitupa sarafu akiamini kwamba hakujaliwa kipaji. Mara nyingi kasoro haimo katika vidole vyake. Imo katika mafunzo aliyoyachagua.

Upo mfano wa kale wa tatizo hili. Jean-Eugène Robert-Houdin, Mfaransa aliyezaliwa Blois mwaka 1805, alikuwa fundi wa saa kabla ya kuwa mfanya mazingaombwe mashuhuri wa zama zake. Katika kumbukumbu alizozichapisha mwaka 1858 anasimulia kwamba alikwenda dukani kununua kitabu cha ufundi wa saa, na muuza vitabu akampa kwa makosa vitabu vya maajabu ya sayansi na viinimacho. Wanahistoria wamekwisha kuonyesha kwamba si kila lililomo katika kumbukumbu zile ni la kutegemewa, na huenda kisa hiki nacho kimetiwa chumvi. Lakini malalamiko yanayofuata ni ya mtu aliyejifunza kwa taabu: vitabu vile vilieleza vizuri yale ambayo watazamaji waliyaona, bali havikueleza jinsi mkono unavyofundishwa kuyatenda. Ilimbidi amwendee mtu mmoja wa mji wake aliyejua kuchezea mipira hewani, amlipe, ajifunze kwanza wepesi wa vidole, ndipo arudi kwenye kitabu. Miaka kumi baada ya kumbukumbu hizo, mwaka 1868, alitoa kitabu chake mwenyewe cha siri za sanaa hiyo, na humo akaanza na mkono.

Kipimo cha kwanza cha kitabu cha mafunzo kinapatikana hapo. Kitabu kibaya husema, “Jifanye unaiweka sarafu katika mkono wa kushoto, kumbe umeibakiza katika mkono wa kulia.” Sentensi hiyo ni kweli tupu, na haina faida yoyote. Kitabu kizuri humwambia msomaji kwamba sarafu hulala kwenye mashina ya kidole cha kati na kidole cha pete, na kwamba vidole hivyo hukunjwa kidogo tu, kama vinavyojikunja vyenyewe mtu anaposimama bila kazi. Humweleza njia nyingine, iliyo ngumu zaidi, ambayo sarafu hubanwa katikati ya kiganja baina ya nyama ya shina la kidole gumba na ukingo wa pili wa kiganja, na humwonya kwamba kosa la kila anayeanza ni kubana mno hata kidole gumba kikasimama kama mti mkavu. Humwambia pia mkono ufanye nini baada ya hila kwisha. Jambo hili la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi, ingawa watazamaji wengi huigundua sarafu wakati huo, kwa kuuona mkono uliotulia kuliko inavyostahili.

Kwa kipimo hicho, kitabu cha J. B. Bobo, kilichochapishwa Marekani mwaka 1952 kwa jina la Modern Coin Magic, bado hakijapata mshindani kwa mwanafunzi anayeanza. Bobo, mkazi wa Texarkana, alikuwa na desturi ya kupeleka maonyesho yake mashuleni, na huenda ndiyo sababu maelezo yake yana subira ya mwalimu. Huanza na namna za kuficha sarafu, kisha hufuata mbinu za mikono, na baada ya hapo tu huja michezo yenyewe. Toleo lililorudiwa mwaka 1982 linahesabu mbinu 116 na michezo 236. Hesabu hiyo ni neema na ni mtego pia, kwa kuwa kijana mwenye pupa hujaribu michezo 30 katika mwezi mmoja na asiweze hata mmoja. Vitabu vingine vya sifa vipo. Kile cha T. Nelson Downs cha mwaka 1900 ni kazi ya bingwa aliyekuwa mpokeaji simu za telegrafu katika reli kabla ya kuingia jukwaani, na kile cha mwaka 1985 ambamo Richard Kaufman alieleza mbinu za David Roth ni hazina. Lakini vyote viwili vinafaa kumngoja mwanafunzi hadi vidole vyake vikomae.

Itaulizwa: kwa nini kitabu, ilhali filamu huonyesha kila mwendo wa mkono? Hoja hiyo ina nguvu. Mwendo una kasi na mapigo ambayo maneno hayawezi kuyabeba, na mchoro mmoja hauonyeshi yaliyotangulia wala yaliyofuata. Hata hivyo kutazama kuna udanganyifu wake. Mwaka 2018 Michael Kardas na Ed O'Brien, watafiti wa Marekani, walichapisha majaribio ambamo watu walitazama filamu fupi za kazi za ustadi, wengine mara moja na wengine mara ishirini. Waliotazama mara nyingi walijiamini zaidi kwamba wangeiweza kazi ile. Walipopewa vishale warushe kulenga shabaha, hawakufanya vizuri kuliko wale waliotazama mara moja. Macho yalikuwa yameshiba na mikono ingali na njaa.

Kitabu hakitoi nafasi ya kujidanganya hivyo. Msomaji hana la kutazama ila michoro michache, kwa hiyo hulazimika kuishika sarafu, kusoma mstari mmoja, kusogeza kidole, kusoma tena na kujitazama kiooni. Polepole huko ndiko kujifunza kwenyewe. Filamu ina mahali pake, napo ni baada ya hatua hiyo: mwanafunzi aliyekwisha kuhangaika na ukurasa mmoja kwa juma zima huona katika filamu ileile mambo ambayo mwenziwe hayaoni, maana sasa anajua anachokitafuta.

Kipimo cha pili ni macho. Mwaka 1900 Norman Triplett alieleza jaribio alilowafanyia watoto wa shule huko Marekani: alirusha mpira juu na kuudaka, akarudia, kisha mara ya tatu akajifanya anaurusha na kumbe ameubakiza mkononi. Karibu nusu ya watoto walisema waliuona mpira ukipaa na kutoweka hewani. Zaidi ya karne baadaye, mwaka 2006, Gustav Kuhn na Michael Land walilirudia jambo hilo Uingereza kwa vyombo vya kupima mwelekeo wa macho. Mrushaji alipoyafuatisha macho yake juu kana kwamba mpira umekwenda huko, asilimia 68 ya watazamaji waliuona ukipaa. Alipoyabakiza macho kwenye mkono, walikuwa asilimia 32 tu. Ajabu ni kwamba macho ya watazamaji hao hayakwenda mahali walipodai kuuona mpira. Yalikuwa usoni pa mrushaji. Basi kitabu kinachofundisha vidole pasipo kufundisha pa kutazama kimefundisha nusu ya kazi.

Juu ya sarafu, hata hivyo, jambo hili halikwenda sawa. Mwaka 2011 Jie Cui na wenzake walichunguza hila ya kujifanya kurusha sarafu kutoka mkono mmoja hadi wa pili, iliyofanywa na bingwa Mac King, wakilinganisha watazamaji walioonyeshwa uso wake na waliofichwa. Kuuona uso hakukuiongezea nguvu hila ile. Kwa hiyo kanuni ya “tazama unapotaka watazame,” ambayo vitabu vingi huitoa kama amri, haina budi kupimwa kwa kila hila. Darasa la kidato cha pili linaweza kuipima: wanafunzi ishirini, hila moja, nusu yao wakiuona uso wa mtendaji na nusu wakizuiwa kwa kipande cha boksi, kila mmoja akiandika mkono anaodhani una sarafu. Matokeo ya watu ishirini hayatathibitisha jambo kubwa, na mwalimu aseme hivyo waziwazi. Lakini wanafunzi watakuwa wamekisoma kitabu kama wanasayansi wasomavyo.

Kuhusu sarafu yenyewe, vitabu vya Kimarekani hukusudia nusu dola, ambayo kipenyo chake ni milimita 30.6. Shilingi 500 ya Tanzania, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ni ndogo kuliko hiyo, ila yatosha kwa mwenye kiganja cha wastani. Sarafu mpya inayong'aa huteleza. Iliyochakaa kidogo hutii.

Wapo walimu wanaochelea kwamba kufundisha mambo haya ni kufundisha utapeli. Hofu hiyo haifai kubezwa, kwa kuwa mkono ule ule unaoficha sarafu ndio “huzalisha” fedha mbele ya mjane aliyeleta akiba yake, na ndio “hutoa” msumari katika mwili wa mgonjwa. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Robert-Houdin huyo huyo Algeria, ili mazingaombwe yake, likiwemo sanduku lililoshikwa chini kwa nguvu ya sumaku ya umeme, yawaonyeshe Waalgeria kwamba nguvu za Wafaransa zilishinda za viongozi wao wa dini. Elimu iliyokuwa upande mmoja tu wa ukumbi iligeuzwa kuwa silaha ya kutawalia. Kinyume chake ni Reginald Scot, Mwingereza ambaye mwaka 1584 alichapisha kitabu cha kupinga mateso ya watu walioshtakiwa kwa uchawi, na humo akaeleza wazi hila kadhaa za kuhamisha fedha kutoka mkono hadi mkono, ili wasomaji wajue kwamba ajabu inaweza kutendwa kwa vidole vitupu. Mwanafunzi aliyewahi kubana sarafu kiganjani hudanganyika kwa shida zaidi mbele ya anayefanya hivyo kwa nia mbaya, na kwa sababu hiyo kitabu kinachofaa shule ni kile kinachofumbua kila hatua. Vile vinavyosifu siri na kuuza vifaa vibaki dukani.

Imebaki shida ya lugha. Vitabu vyote vilivyotajwa hapa viliandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na sentensi zake kuhusu vidole ni ngumu hata kwa wenyewe. Lakini Kiswahili kina majina ya kila kidole, gumba, shahada, cha kati, cha pete na cha mwisho, na mwalimu wa lugha akishirikiana na wa sayansi anaweza kuwapa wanafunzi ukurasa mmoja wa Bobo waufasiri. Tafsiri hiyo apewe mwanafunzi wa darasa jingine ambaye hajauona ukurasa wenyewe, pamoja na sarafu moja. Ikimdondoka mkononi kila mara katika hatua ya tatu, wafasiri watajua sentensi gani ya kurudia.