Barua kwa Ivuna: nyumba ya kupanga inapoachwa kabla ya mkataba kwisha

Mkataba wa nyumba ya kupanga ughaibuni ni deni lenye tarehe. Mpangaji wa Houston, Texas, aliyesaini miezi kumi na miwili kwa dola 1,400 kwa mwezi amekubali kulipa dola 16,800. Ameruhusiwa tu kuzilipa kidogo kidogo. Akihama baada ya mwezi wa saba, miezi mitano iliyobaki haifutiki kwa sababu kitanda kimetolewa na ufunguo umerudishwa. Hapo ndipo zinapozaliwa simu nyingi zisizoeleweka kati ya ughaibuni na Ivuna: mtu amepata kazi mji mwingine, au ameitwa nyumbani kuuguza mzazi, naye anajibu kwamba kwanza kuna mambo ya nyumba. Huku nyumbani jibu hilo linasikika kama kisingizio. Nyumba si yake, inamzuiaje?

Swali hilo ni la haki kwa mtu anayeijua Tunduma, mji wetu wa mpakani. Pale mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita, wakati mwingine ya mwaka mzima, kabla ya kukabidhi ufunguo, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kuonesha chumba. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba Tanzania ilifutwa mwaka 2005, na kodi ya mkupuo imebaki kuwa suala la maelewano, yaani nguvu ya mwenye nyumba. Wakala wa forodha anayehamishwa kutoka mpakani mwezi wa tatu hana deni. Yeye ndiye anayedai. Fedha yake ya miezi mitatu imo mfukoni mwa mwenye nyumba, na huko haitoki kirahisi. Kwa hiyo anatafuta mtu wa kumalizia miezi: anawaambia wenzake, anajitokeza mwalimu au muuza mitumba, fedha ya miezi iliyobaki inaingia mkononi mwa anayeondoka, mwenye nyumba anajulishwa, na wakiwa watu makini wanaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa. Uniti za umeme wa LUKU zilizosalia ni bahati ya mgeni.

Tunduma, basi, mrithi wa chumba humrudishia mtangulizi fedha yake. Ughaibuni mrithi humwondolea mtangulizi deni. Anayeshindwa kupata mtu Tunduma amepoteza alichokwisha kulipa, na hasara yake ina mwisho unaojulikana. Anayeshindwa ughaibuni anaendelea kudaiwa, akiwa hata hayupo nchini. Makosa mengi yanayofanywa na watu wetu yanatokana na kuichukulia hali ya pili kana kwamba ni ya kwanza.

Hatua ya mwanzo ni kusoma karatasi iliyosainiwa, ambayo wengi waliisaini bila kuisoma. Mikataba mingine ina kifungu cha kujitoa: mpangaji anatoa notisi, analipa ada, na hesabu inafungwa. Katika jimbo la Florida sheria inaruhusu ada hiyo iwekwe kwa makubaliano, isizidi kodi ya miezi miwili, na notisi isizidi siku 60. Anayekuta kifungu cha namna hiyo ana bahati, hata kama kiasi kinauma. Texas kuna ada nyingine inayofanana na hiyo kwa sura lakini si kwa kazi. Mikataba ya kawaida ya kule ina malipo ya kutafuta mpangaji mpya, yasiyozidi asilimia 85 ya kodi ya mwezi mmoja. Kwa nyumba ya dola 1,400 hiyo ni dola 1,190. Watu hulipa, hupewa risiti, huondoka wakiamini wamekwisha. Hawajakwisha. Malipo hayo hufidia usumbufu wa mwenye nyumba wa kutafuta mtu. Kodi ya siku ambazo nyumba itakaa tupu bado ni ya aliyeondoka.

Kinachopunguza makali ni wajibu wa mwenye nyumba kupunguza hasara. Texas, California, na tangu 2019 New York, sheria inamtaka asikae akihesabu miezi huku mlango umefungwa, bali atafute mpangaji mwingine kwa juhudi za kawaida. Ontario nchini Kanada ni hivyo hivyo. Akimpata baada ya mwezi mmoja na nusu, mpangaji wa Houston atadaiwa dola 2,100 na ada iliyotajwa, wala si dola 7,000 za miezi mitano. Uingereza haikuwa na huruma hiyo: mwenye nyumba aliweza kukataa kuipokea nyumba na kudai kodi hadi siku ya mwisho ya mkataba. Sheria ya haki za wapangaji ya mwaka 2025 imebadili jambo hili kwa nyumba za watu binafsi za England. Inafuta mikataba ya muda maalumu kuanzia tarehe 1 Mei 2026, na mpangaji anaondoka kwa notisi ya miezi miwili. Scotland ilitangulia tangu Desemba 2017, nayo inataka siku 28 tu. Wanafunzi wanaokaa katika hosteli kubwa za makampuni wana utaratibu wao: huko, kwa kawaida, anayetaka kutoka huachiliwa akileta mwanafunzi mwingine wa kuchukua chumba.

Suala la mrithi wa nyumba ndilo lenye mitego mingi, kwa sababu neno moja la Kiswahili, kumwachia mtu nyumba, linabeba mambo matatu tofauti. La kwanza ni kumpangisha mtu chini ya mkataba wa zamani. Mgeni analala ndani na kumlipa mpangaji wa kwanza, naye anamlipa mwenye nyumba. Mgeni asipolipa, au akivunja dirisha, anayeulizwa ni yule wa kwanza. La pili ni kuuhamisha mkataba: mgeni anavaa viatu vya mpangaji na kulipa moja kwa moja. Hata hapa aliyeondoka anaweza kubaki mdhamini wa kimyakimya ikiwa hakuna maandishi yanayomwachia huru. La tatu ni mkataba wa zamani kufutwa na mgeni kusaini mpya. Hili la tatu ndilo la kutafutwa. Mengine mawili ni ya mtu atakayerudi, au aliyekosa njia nyingine.

Kinachotokea mara nyingi ni cha chini kuliko hata lile la kwanza. Dada anahamia jimbo jingine. Mpwa amewasili juzi kutoka Tunduma na anahitaji pa kukaa. Ufunguo unabadilisha mikono jikoni na mwenye nyumba haambiwi kitu. Kila mtu nyumbani anafurahi kwamba mtoto amepokelewa. Mpwa anapokosa zamu kazini mwezi wa pili, kodi inachelewa, na jina linalopelekwa mahakamani ni la dada. Deni likipelekwa kwa wakusanya madeni, doa hilo laweza kukaa katika rekodi yake ya mikopo Marekani hadi miaka saba. Kila mwenye nyumba atakayemwendea baadaye ataliona. Wema ulikuwepo, kilichokosekana ni karatasi.

Kila nchi ina mlango wake. Ontario, mpangaji akiomba ruhusa ya kuhamishia mkataba kwa mtu mwingine, na mwenye nyumba akalikataa wazo lenyewe au akakaa siku saba bila kujibu, mpangaji anapata haki ya kuondoka kwa notisi ya siku 30. New York, mwenye nyumba anayekataa uhamisho bila sababu ya msingi anatakiwa amwachie mpangaji kwa notisi ya siku 30 pia. Ujerumani wageni na hata wenyeji wana imani kwamba anayeleta warithi watatu amejikomboa. Si kweli, mwenye nyumba hafungwi na hesabu hiyo isipokuwa mkataba umesema. Kwa mikataba ya kawaida ya huko notisi ni ya miezi mitatu, nayo lazima iwe barua yenye saini ya kalamu, imfikie mwenye nyumba kabla ya siku ya tatu ya kazi ya mwezi kupita. Ujumbe wa WhatsApp haufai kitu. Dubai ugumu uko kwenye hundi. Kodi ya mwaka hulipwa kwa hundi zilizoandikwa tarehe za mbele, na sheria namba 26 ya mwaka 2007 hairuhusu upande mmoja kuvunja mkataba katikati wala mpangaji kupangisha mwingine bila ridhaa ya maandishi. Anayepanda ndege kurudi Tanzania bila kurudishiwa hundi zake ameacha saini yake ikimfanyia kazi mwenye nyumba.

Si kila mtu anayehitaji nyumba anafaa kuwa mrithi. Kampuni nyingi za Marekani huangalia kama mshahara wa mwombaji unafika karibu mara tatu ya kodi, kisha hutazama rekodi yake ya mikopo. England mwenye nyumba lazima athibitishe kwamba kila mtu mzima atakayekaa ndani ana haki ya kupanga nchini humo. Hapa anayetoka kwetu hukwama kwa kukosa rekodi, hata akiwa mwaminifu kuliko wote. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kiliangukia Ivuna. Kilichookotwa hakikufika kilo moja, lakini kipande chake kinahifadhiwa London, na kundi zima la vimondo adimu duniani linabeba herufi ya kwanza ya jina la Ivuna. Jiwe lina rekodi. Kijana aliyetoka hapo hapo mwezi uliopita hana, na mfumo haujui kwamba baba yake ameuza chumvi miaka thelathini bila kumdhulumu mtu. Ndiyo maana anayeondoka hufanya vyema kuleta waombaji wawili au watatu, na asimtegemee ndugu peke yake.

Tangazo nalo lina adabu yake. Anayeandika katika kundi la WhatsApp la Marekani kwamba nyumba nzima ni ya "Waswahili tu" anaingia katika eneo lililokatazwa na sheria ya makazi ya mwaka 1968, inayozuia matangazo ya kubagua kwa rangi, dini au asili ya taifa. Matapeli nao huvizia hapo hapo. Mtu huonesha picha za nyumba asiyoimiliki wala kuipanga, anakusanya amana kwa watu watano walio bado Dar es Salaam au Mbeya, kisha namba haipatikani. Amana halali hupokelewa na mwenye nyumba au wakala wake. England haizidi kodi ya wiki tano kwa nyumba za kawaida na lazima iwekwe katika mfuko wa hifadhi unaotambulika. Mrithi anayemlipa amana mpangaji anayeondoka, bila mwenye nyumba kuandika kwamba amana hiyo sasa ni ya mgeni, ameitoa sadaka.

Siku ya makabidhiano hupigwa picha za kuta, jiko, friji na bafu, namba za mita ya umeme husomwa na akaunti kuhamishwa, funguo huhesabiwa na kupokelewa kwa saini. Karatasi ya mwisho ndiyo yenye uzito: barua ya mwenye nyumba inayosema kwamba fulani hadaiwi kodi yoyote kuanzia tarehe fulani. Mistari miwili inatosha.

Ndugu wa Ivuna watakaoambiwa kwamba kijana wao ameachiwa nyumba na jamaa, na kwamba kinachotakiwa ni mchango tu wa kuanzia, waombe kwanza kutumiwa picha ya mkataba wenye jina lake. Na wanaomwita mtu arudi haraka, wampe wiki chache za kuipata barua ile ya mwenye nyumba.