Baiskeli ya Milioni 5, Safari Inaishia Bunju: Watu Wananunua Picha, Sio Baiskeli

KUNA jamaa mmoja hapa Dar, sura yake sio ngeni kwenye matangazo na Insta ana wafuasi wa kutosha. Miezi michache iliyopita alitupia picha yuko Coco Beach alfajiri, helmeti kichwani, miwani ya jua wakati jua lenyewe halijachomoza, pembeni kaegemeza baiskeli nyeusi ya kaboni. Shilingi milioni 5. Komenti zikamiminika: "Chuma hicho!", "Hatari sana kaka", moto kibao.

Ambacho hakikupostiwa ni kwamba milioni 2 kati ya hizo zilikuwa za mkopo. Na kingine, baiskeli yenyewe haikuwa saizi yake. Muuzaji alibaki nayo moja tu, fremu saizi 58, na jamaa ana urefu wa sentimita 168. Akaambiwa, "Siti inashuka kaka, utazoea." Hajazoea mpaka leo.

Siku ya safari ya Bagamoyo, zaidi ya kilomita 60 kwenda tu, jamaa aliishia Bunju. Mikono imekufa ganzi, shingo imekakamaa kama kalalia tofali. Akaita kirikuu, akapakia chuma, akarudi home. Sasa hivi baiskeli imetundikwa sebuleni kama saa ya ukutani, na rejesho liko palepale kila mwezi.

Kwenye msafara huohuo kulikuwa na dada mmoja, msusi wa Sinza. Yeye alikuja na baiskeli ya mtumba, fremu ya chuma, gia zake za kawaida, laki 4 na 80. Masela wakamcheka asubuhi ile. "Hiyo ya babu, itafika kweli?" Ikafika. Dada akala pweza wake Bagamoyo, akapumzika, akageuza na kurudi kwa pedeli zake mwenyewe.

Hapo ndipo ilipo shida ya hii mitoko ya baiskeli ambayo siku hizi imeshika kasi mjini. Baiskeli inachaguliwa kwa macho ya watu wengine. Wakati anayekaa juu yake saa 5 ni mgongo wa mtu mmoja tu, na huo mgongo hausomi komenti.

Ukweli ambao wauzaji wengi hawausemi ni kwamba kitu cha kwanza kwenye baiskeli ya mbio sio jina lililoandikwa kwenye fremu, ni saizi. Kushusha siti kunasaidia miguu tu, hakupunguzi urefu wa fremu kutoka kwenye siti hadi kwenye usukani. Mtu mfupi akipanda fremu ndefu anajinyoosha kama anafukuza kuku chini ya kitanda, uzito wote unalalia viganja na shingo. Kwa mwenye sentimita 168, saizi za kuanza kujaribu ni 51 au 52 hivi. Na kupima sio sayansi ya roketi. Mtu asimame katikati ya baiskeli amevaa viatu, bomba la juu likiwa katikati ya miguu. Likimgusa pabaya, aachane nayo. Halafu akae, aweke kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu ukinyooka bila kiuno kuyumba, siti iko karibu na urefu wake.

Cha pili ni mkao. Kuna baiskeli zimetengenezwa kwa mashindano, usukani uko chini sana ili mtu ainame akate upepo. Na kuna zile za safari ndefu, usukani umeinuka kidogo, mtu anaona mbele bila kuvunja shingo. Mtu anayetoka Jumamosi kwenda kupunga upepo hana mashindano na mtu. Sasa anainama hivyo anamkimbia nani?

Cha tatu ni tairi. Wengi wanadhani tairi jembamba ndilo linakimbia. Barabara zetu zina viraka, mchanga pembeni na matuta ya kila aina. Tairi la milimita 28 au 32 linapuliziwa upepo mdogo kuliko la 23, linameza mitikisiko na halipati pancha za kijinga kirahisi. Ila kabla hujalipa, angalia kama uma unaoshika tairi la mbele, breki na nafasi ya nyuma vinaruhusu upana huo. Baiskeli nyingi za zamani za mashindano hazikubali.

Halafu gia. Watu wanahesabu gia kama wanahesabu kamera za simu. Kinachosaidia kwenye kilima sio wingi, ni ile gia nyepesi kabisa. Sproketi ya mbele ndogo yenye meno 34, na ya nyuma kubwa kabisa yenye meno 32, inampandisha mtu wa kawaida bila kumchana mapafu. Na mfumo wa gia 8 au 9 za nyuma una faida nyingine, cheni na sproketi zake ni bei nafuu na fundi wa mtaani anazielewa. Ile inayobadilisha gia kwa umeme ni tamu, hakuna anayekataa. Betri ikizima uko Mapinga, utamu unaisha palepale.

Vijiweni ubishi mkubwa uko kwenye uzito. Haya, tuhesabu. Chuma cha dada kina kilo 11, cha jamaa kilo 8. Tofauti ni kilo 3, yaani chupa 2 za maji za lita moja na nusu. Jamaa mwenyewe ana kilo 84. Kwenye mlima mrefu kilo 3 zinahisiwa, sawa. Lakini barabara ya Bagamoyo haina milima ya kutisha, na kwenye tambarare mtu akishafika spidi ya 25 hivi, adui mkubwa ni upepo. Hata huko Tour de France, sheria za UCI, chama cha baiskeli cha dunia, haziruhusu baiskeli iwe chini ya kilo 6.8. Wanaolipwa mamilioni kwa kupedeli wamewekewa kikomo. Mtu wa wikiendi anauza kiwanja kutafuta gramu 300.

Na kwa wanaoamini umbali unataka kaboni, pale Ufaransa kuna safari ya Paris–Brest–Paris, kilomita 1,200, muda wa mwisho saa 90. Ilianza mwaka 1891. Mpaka leo wapo wanaoimaliza kwa baiskeli za chuma zenye madigadi na taa, na wengine ni wazee wa kustaafu.

Hapa hakuna anayesema kaboni ni mbaya. Mwenye hela yake, saizi yake na duka la uhakika, ajimwage. Ila kwa mwenye bajeti ndogo, kaboni ya mtumba ni kamari. Chuma kikipata ajali mara nyingi kinaonyesha, kinapinda, na fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kukirudisha. Kaboni inaweza kuwa imepasuka ndani na nje inang'aa tu. Bado hujagusa zile fremu feki zinazobandikwa stika za majina makubwa. Kuokoa laki 3 halafu uma ukatike mtu akiwa kwenye spidi ya 40, hapo hakuna ofa.

Kwenye mtumba wa chuma au alumini, mteja azungushe ringi aone kama zinayumba. Apitishe kidole kwenye maungio ya fremu, hasa chini ya usukani na pale pedeli zinapofungwa, atafute nyufa. Ajaribu kama siti inapanda na kushuka, maana nyingine zimeganda kwa kutu na hazitoki. Na asiende peke yake, elfu 10 ya kumpeleka fundi dukani ni ndogo kuliko majuto.

Lakini kikubwa kuliko vyote ni hela inayobaki. Dada wa Sinza alibakiza kama laki na 20. Akanunua helmeti, taa nyekundu ya nyuma, pampu, tyubu 2 na bukta yenye sponji. Jamaa wa milioni 5 alitoka nyumbani saa 10 na nusu usiku, giza totoro, malori na daladala zinapita kwa fujo, hana taa ya nyuma. Hela yote iliishia kwenye fremu. Watu walicheka kuhusu kirikuu, ila kusema kweli jamaa kurudi mzima ni bahati yake.

Kundi linalomcheka mtu kwa sababu ya baiskeli ya mtumba halafu linakaa kimya kwa mwenzao asiye na taa, hilo sio kundi la mazoezi, ni kundi la kupiga picha. Na ndilo linalowasukuma vijana kwenye mikopo kwa kitu ambacho kilitakiwa kiwape afya na raha.

Za chini ya kapeti zinasema jamaa ameshaanza kuiuza kimyakimya, milioni 2 na nusu, maongezi yapo. Kama una urefu wa futi 6 na kidogo, huenda ikakufaa. Kama huna, iache hapohapo ukutani.

Je mdau, ungekuwa na laki 6 mkononi leo, ungeanza na nini? Na msafara wenu wakimwona mtu hana taa wanamwambia, au wanaendelea na selfie? Dondosha maoni yako hapo chini.